JUMBA, UWANJA NA UKUMBI: MAHALI PA KUIGIZIA NA LUGHA YA MCHEZO KATIKA LUBUMBASHI, NAIROBI NA DAR ES SALAAM

0. Utangulizi

Anayetafuta historia ya tamthilia ya Kiswahili kwa kawaida huanzia maktabani. Huko hukuta vitabu vilivyopigwa chapa, majina ya watunzi, na miaka ya kutolewa kwake. Njia hiyo ni halali, lakini ina upungufu mmoja: huonyesha tamthilia zilizoandikwa tu, na huacha gizani zile zilizochezwa bila kuandikwa. Kwa mji kama Lubumbashi upungufu huo ni mkubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya michezo ya Kiswahili iliyochezwa humo haikuanza na karatasi.

Makala hii inafuata njia nyingine. Badala ya kuanza na kitabu, inaanza na mahali: jumba, uwanja, ukumbi, hata studio ya redio. Inashikilia kwamba mahali pa kuigizia huamua mambo matatu kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Kwanza, huamua nani atakayeingia kutazama. Pili, huamua lugha itakayosemwa. Tatu, huamua kama mchezo utahitaji maandishi au la. Mfano mkuu ni Lubumbashi. Nairobi na Dar es Salaam zinaletwa kwa ajili ya kulinganisha.

1. Mji uliogawanywa na michezo ya nje

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka wa 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipoufikia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka wa 1906, na shaba ndiyo iliyouzaa mji. Tangu mwanzo mji ulipangwa kwa kutenga: Wazungu upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na katikati ardhi iliyoachwa wazi. Mtaa wa kwanza mkubwa wa Waafrika, ulioitwa baadaye komini ya Albert na leo Kamalondo, ulifuatwa na Kenya, Katuba, Ruashi na mingineyo. Kando ya mitaa hiyo zilikuwako kambi za wafanyakazi wa kampuni, ambamo tangu mwisho wa miaka ya 1920 wanaume walianza kukaa pamoja na wake na watoto wao.

Katika mji wa namna hiyo, mchezo wa kwanza wa hadhara wa Waafrika haukuwa na paa. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika pwani ya Kenya na Tanganyika, ilienea barani pamoja na askari, makarani na wafanyakazi wahamaji, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikafika pia katika miji ya migodi ya Katanga na ya Rhodesia ya Kaskazini. Beni ilikuwa ngoma, lakini ilikuwa maigizo vilevile: wachezaji walipanga mistari kama jeshi, walivaa mavazi ya kuiga maofisa, na walipeana vyeo vya mfalme, gavana na daktari. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, ameonyesha jinsi wakuu wa serikali na wamisionari walivyoitazama kwa mashaka.

Mashaka hayo yanaeleweka. Uwanja wa wazi hauna mlango wala tikiti, na kwa hiyo hauna mtu wa kuamua nani aingie. Kila apitaye ni mtazamaji. Lugha ya uwanja huo haikuweza kuwa ya kabila moja, kwa kuwa watu wa kambi walitoka pande nyingi: Waluba, Wabemba, Wasanga, Walunda na wengine. Kiswahili, kilichokuwa kinakua kuwa lugha ya kazi na ya mtaa, kikawa ndicho kinachosikika na wote. Hivyo mahali penyewe palichagua lugha.

2. Jumba la mwaka 1956

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bei ya shaba ilikuwa nzuri na mji ulikuwa unajengwa kwa kasi. Kundi la wasanifu lililoitwa Yenga, likiongozwa na Mbelgiji Claude Strebelle, lilichora jumba la tamthilia la mji, likakamilika mwaka wa 1956. Strebelle ndiye pia aliyesanifu jumba la makumbusho lililo karibu nalo. Mpaka leo watu wa fani ya ujenzi huyahesabu majengo hayo miongoni mwa kazi bora za usanifu wa kisasa katika Afrika ya Kati.

Inafaa kueleza jumba la namna hii hutaka nini. Jukwaa lenye pazia hutenganisha waigizaji na watazamaji kwa mstari ulio wazi. Viti vilivyopangwa kwa safu huwataka watazamaji wakae kimya na kutazama upande mmoja. Taa na mandhari huhitaji mafundi, na mafundi huhitaji kujua mapema nani ataingia lini na atasimama wapi. Kwa hiyo andiko huwa lazima. Gharama za vitu hivyo hurudishwa kwa tikiti. Mwishowe, mchezo huchezwa usiku, saa ambayo mtu wa Katuba asiye na gari angefikiria kwanza atakavyorudi nyumbani. Hata pasipo tangazo la kumkataza mtu, mambo haya yote kwa pamoja yalikuwa yamekwisha kumchagua mtazamaji: mtu wa katikati ya mji, mwenye fedha na mwenye Kifaransa.

Jumba hilo halikukaa na kazi yake kwa muda mrefu. Miaka minne baada ya kukamilika kwake Kongo ilipata uhuru, na Wazungu wengi waliokuwa watazamaji wake waliondoka. Jumba likapewa kazi ya siasa, likaja kuitwa Jumba la Tarehe 30 Juni kwa kukumbuka siku ya uhuru. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2006, bunge la jimbo la Katanga ndilo lililoketi humo. Yafaa kuona kwamba mageuzi hayo hayakuhitaji kubomoa ukuta hata mmoja. Jengo lililofanywa ili wachache waseme na wengi wasikilize linafaa kwa tamthilia, na linafaa kwa bunge pia.

3. Mtaa, redio na kundi la Mufwankolo

Wakati jumba lilipokuwa likijengwa, mitaani palikuwa na maonyesho ya aina nyingine. Katika miaka ya 1950 lilijulikana kundi la vijana wachekeshaji liitwalo JECOKE, lililochanganya nyimbo, dansi na vichekesho. Mpiga gitaa Edouard Masengo alipitia humo. Aina hii ya onyesho ilihitaji nafasi ndogo tu: ukumbi wa shule, baa, au uwanja wa michezo wa kambi. Ilichukua vitu kutoka kila upande, nyimbo za gitaa za Katanga, dansi za kusini, na vichekesho vya wachekeshaji wa sinema.

Katika mazingira hayo hayo ndimo lilimotoka kundi la Mufwankolo, lililopewa jina la kisanii la kiongozi wake. Sifa ya kundi hili ilienea kwa redio, na baadaye kwa televisheni. Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini na wanafunzi wa historia ya tamthilia. Redio ni mahali pa kuigizia pasipo na viti. Haimwombi mtazamaji nauli, wala haimwulizi amevaa nini. Nyumba yenye chombo kimoja hukusanya jirani kumi. Lakini redio humnyima mwigizaji uso, mkono na vazi, na kumwachia sauti peke yake. Kwa hiyo kila mhusika alipaswa kutambulikana kwa namna yake ya kusema: karani achanganyaye Kifaransa, mzee aliyetoka kijijini juzi, mlevi, mwanamke wa sokoni, padri asemaye Kiswahili bora cha misioni. Tofauti za lugha ambazo mwanaisimu huzitafuta kwa daftari, waigizaji walizijua kwa sikio na kuzifanya chombo cha kazi yao.

Lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho Edgar Polomé alikieleza katika miaka ya 1960 na ambacho Walter Schicho alikichunguza baadaye. Msemaji wa lugha hii husema "banasema" pale Kiswahili sanifu kisemapo "wanasema", na "muji mukubwa" pale penye "mji mkubwa". Anayeyaona maumbo hayo kuwa makosa atayaona matamshi ya waigizaji kuwa uzembe. Anayeyaona kuwa mfumo ataelewa kwamba Kiswahili sanifu kilipotokea katika mchezo kilikuwa na kazi maalumu: kilimwonyesha msemaji kuwa mtu wa mamlaka, wa kanisa au wa shule.

Namna ya kutunga ilifuata mahali pa kuchezea. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 na kurudi mwaka wa 1986, amelieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu kilichotolewa mwaka 1990. Kundi halikuanza na andiko. Lilianza na wazo, mara nyingi methali au msemo, likazungumza juu ya maana yake, likagawanya kisa katika sehemu, likagawana nafasi, kisha likajaribu kila sehemu kwa kusema papo hapo. Maneno yalizaliwa katika mazoezi, yakabadilika siku ya onyesho. Mwaka huo wa 1986 kundi lilishughulikia msemo kwamba mamlaka huliwa nzima, haigawanywi, na mchezo uliotokana nao ulipigwa picha za televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, wanakijiji wenyewe wakiwamo.

Uzito wa tendo hilo huonekana ukiwekwa katika wakati wake. Tangu mwaka 1967 nchi ilikuwa chini ya chama kimoja cha MPR. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliendeleza nyimbo na ngoma za kusifu utawala, zilizojulikana kwa jina la animation politique, na viwanja, shule na makampuni vikajaa vikundi vya kusifu. Mahali pa wazi, ambapo beni ilikuwa imepata uhuru wake wa kubeza vyeo, palikuwa pametwaliwa. Kuchagua wakati huo mchezo juu ya chifu, wazee wake na namna mamlaka inavyoliwa lilikuwa jambo la kupima maneno. Hapa kutokuwa na andiko kulikuwa na faida, kwani mchezo usio na karatasi ni mgumu kuusahihisha kabla haujachezwa. Kulikuwa na hasara pia, kwani mchezo usio na karatasi hupotea ukikosa mtu wa kuurekodi.

4. Nairobi: jumba la taifa na uwanja wa Kamĩrĩĩthũ

Historia ya Nairobi inasaidia kupima hoja hii. Jumba la tamthilia la taifa, Kenya National Theatre, lilifunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya Uingereza kutangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Liko mkabala wa hoteli ya Norfolk, karibu na Chuo Kikuu. Kama jumba la Elisabethville, lilijengwa kwa jukwaa na desturi za Ulaya. Tofauti na hilo, lilibaki kuwa jumba la tamthilia baada ya uhuru wa 1963. Swali likawa, ni tamthilia ya nani?

Swali hilo lilijitokeza wazi mwaka wa 1976. Michezo miwili ilitayarishwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC la Lagos la mwaka 1977: mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kĩmathi, uliotafsiriwa baadaye kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Watayarishaji walikuta kwamba siku za jumba la taifa zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa maonyesho ya kigeni, na ilibidi wagombee siku chache tu. Michezo ilipochezwa, Oktoba 1976, watu walijaa.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ aliliacha jumba na kwenda kijijini. Huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wanakijiji walijenga wenyewe uwanja wa tamthilia usio na paa, wenye nafasi za watu zaidi ya 2000. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulianza kuchezwa humo Oktoba 1977. Andiko lilikuwako, lakini mazoezi yalifanywa mbele ya watu, na wazee wakasahihisha lugha ya wahusika: mzee hasemi hivi, methali hii haitumiki hapo. Lugha ilikuwa Kikuyu. Mahali palikuwa pamebadilika, na lugha ikabadilika pamoja napo.

Majibu ya serikali yalikuwa ya haraka. Novemba 1977 kibali kiliondolewa; mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini mwaka mmoja bila mashtaka. Mwaka 1982 kundi lilipotaka kuleta mchezo mwingine katika jumba la taifa lilikuta milango imefungwa, na Machi mwaka huo uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Mwaka 1976 mchezo wa Kĩmathi, uliochezwa kwa Kiingereza katikati ya mji, ulikuwa umevumiliwa. Mchezo wa lugha ya wakulima, katika uwanja wa wakulima, haukuvumiliwa. Miaka 45 baadaye, Mei 2022, mchezo huo huo ulichezwa katika Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu.

5. Dar es Salaam: ukumbi wa starehe

Dar es Salaam yatoa mfano wa tatu. Huko Kiswahili hakikuhitaji kupigania jukwaa la wasomi: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, ilitoka katika mazingira ya Chuo Kikuu, na punde ikawa miongoni mwa tamthilia zinazosomwa zaidi katika Kiswahili. Lakini watu wa mitaani walikuwa na maonyesho yao. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya chama cha CCM, vilicheza katika kumbi za starehe na baa. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na mchezo wa kuigiza, kwa mfululizo wa saa nyingi. Kama Lubumbashi, mchezo mara nyingi ulitungwa kwa mazungumzo na mazoezi, bila kitabu.

Ukumbi wa namna hii una mlango na tikiti, lakini mtazamaji wake yu huru: hunywa, hucheka kwa sauti, huinuka kumtuza mwimbaji. Tamthilia hapo ni sehemu moja ya usiku, na ikichosha, watazamaji huonyesha. Televisheni na video zilipoenea, mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake, waigizaji wengi walihamia huko.

6. Hitimisho

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba jumba la tamthilia na tamthilia si kitu kimoja, na kwamba historia ya moja haiwezi kusimama badala ya historia ya nyingine. Lubumbashi ilipata jumba zuri ambalo tamthilia ya Kiswahili haikulimiliki, na ilipata tamthilia ya Kiswahili isiyokuwa na jumba. Nairobi ilipata jumba la taifa, kisha ikaona jinsi uwanja wa kijiji ulivyoogopwa kuliko jumba hilo. Dar es Salaam ilipata vitabu upande mmoja na kumbi upande mwingine.

Kwa idara za Kiswahili jambo hili lina matokeo ya wazi. Mtaala unaotegemea kitabu pekee utawafanya wanafunzi wa Lubumbashi waamini kwamba tamthilia ya Kiswahili ni kitu kitokacho Dar es Salaam, na kwamba mji wao haukuchangia neno. Ukweli ni kwamba mchango upo, ila umeandikwa kwa sehemu ndogo. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa huko Vienna maandishi ya michezo ya kundi la Mufwankolo. Kitabu cha Fabian cha mwaka 1990 kina maandishi ya Kiswahili ya mazoezi na ya onyesho lenyewe. Vitabu hivyo viwili vyatosha kuanzisha somo, na msomaji ataona mara moja kwamba kazi hiyo yenye manufaa imechapishwa mbali na waliyoicheza.

Yaliyobaki yako katika kanda za redio na televisheni, ambazo joto na unyevu huziharibu, na katika kumbukumbu za waigizaji na watazamaji ambao umri wao umekwenda. Mwanafunzi wa lisansi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho hana haja ya kusafiri mbali. Akienda Kenya au Katuba na chombo cha kurekodia, akawauliza wazee michezo ilichezwa wapi, nani aliingia, kwa fedha kiasi gani, na wahusika walisema Kiswahili gani, atakuwa ameanza kuandika sura ambayo maktaba haina. Kazi hiyo yaweza kufanywa sasa. Baada ya miaka michache, wa kuulizwa watakuwa wamepungua.